Kutafuta Hitilafu za Picha na Sauti kwenye Kompyuta ya Mezani Yenye Monita Kadhaa

Mtu anapoongeza monita ya pili kwenye kompyuta yake ya mezani, mara nyingi kinachopotea kwanza ni sauti. Spika zilizokuwa zikisikika vizuri zinanyamaza ghafla, na mwenye kompyuta anaanza kuzitilia shaka spika zenyewe, au waya wake, au muziki anaoupiga, wakati hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoharibika. Sababu ni kwamba kebo ya HDMI, iliyoanza mwaka 2002, hubeba picha na sauti kwa pamoja, na DisplayPort iliyotangazwa mwaka 2006 nayo imeundwa kuweza kubeba vyote viwili. VGA ya mwaka 1987 na DVI ya mwaka 1999 zilitengenezwa kwa ajili ya picha tu. Kwa hiyo kila monita unayoiunganisha kwa kebo hizi mpya, kompyuta huweza kuihesabu mara mbili, kwanza kama skrini na pili kama spika, hata kama monita hiyo haina spika kabisa.

Ndiyo maana katika mwongozo huu tunaanza na picha, kisha tunaingia kwenye sauti. Ukianza na sauti kabla monita hazijatulia, utarekebisha jambo ambalo litavurugika tena mara tu monita moja itakapozimika na kuwaka. Maelezo mengi yanahusu Windows, na macOS na Linux nimezigusa pale zinapotofautiana. Majina ya menyu nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye kompyuta nyingi, ili uyatambue ukiyaona.

Kabla ya kugusa chochote, piga picha ya nyuma ya kompyuta kwa simu ili ujue kila kebo ilikuwa wapi. Halafu shikilia kanuni moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ujaribu, ndipo uende kwenye kingine. Anayebadilisha kebo, tundu na mipangilio kwa mkupuo mmoja anaweza kufanikiwa, lakini hatajua ni kipi kilichosaidia, na tatizo likirudi atakuwa amerudi mwanzo.

Hatua ya kwanza: soma kile monita inachokuambia

Monita yenye giza si jambo moja. Ikiwa haina hata taa ndogo ya pembeni, tatizo ni umeme: soketi, ekstensheni, plagi ya nyuma ya monita au adapta yake. Ikiwa inaandika "No Signal", basi ni nzima na inasubiri, ila hakuna kinachoifikia. Hapo anza na vitufe vya monita yenyewe, kwa sababu nyingi zina matundu mawili au matatu ya kuingizia picha, na huenda imebaki ikisikiliza HDMI wakati wewe umechomeka DisplayPort. Ikiwa inaandika "Out of Range" au "Input Not Supported", furahi kidogo, maana picha inafika, ila kompyuta inaituma kwa kipimo ambacho monita hiyo haikiwezi. Tiba yake iko katika hatua ya nne.

Hatua ya pili: nyuma ya kompyuta

Makosa mengi zaidi niliyoyakuta yako hapa, kwa hiyo usiipite hatua hii haraka. Igeuze kompyuta uitazame mgongoni. Katika kasha linalosimama wima, utaona sehemu ya juu yenye matundu ya USB, ya intaneti na ya sauti yenye rangi, yakiwa yamepangwa kwenda chini. Hayo ni ya ubao mama, yaani ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta. Chini yake, kama kompyuta ina kadi ya grafiki, yaani kadi ya pekee ya kutengeneza picha, kuna matundu ya picha yaliyopangwa kwa mlalo kwenye ukanda wake wa chuma. Matundu ya picha ya ubao mama na yale ya kadi yanafanana kabisa kwa umbo, ila hayafanyi kazi kwa namna moja. Kadi ikiwepo, kompyuta nyingi huyazima yale ya ubao mama, na kuna prosesa ambazo hazina grafiki ya ndani, hivyo kwao matundu hayo hayatoi picha kamwe. Monita zako zote zichomeke kwenye kadi. Ukiwa na sababu ya kutumia pande zote mbili, itakubidi uingie kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka kabla Windows haijaanza, na kuruhusu grafiki ya ndani ifanye kazi sambamba na kadi.

Kisha kagua jinsi kebo zilivyokaa. HDMI haina kifungo cha kuishikilia, na monita inapogeuzwa au kuinuliwa, uzito wa kebo huivuta taratibu mpaka inabaki imeingia nusu. Kwa jicho inaonekana imechomekwa, lakini picha inakatika kila meza inapotikiswa. DisplayPort nyingi zina vimeno viwili vinavyojifunga, na kwa sababu hiyo usiivute kwa nguvu kabla ya kubonyeza kibonyezo chake, la sivyo utang'oa tundu pamoja na kebo.

Sasa fanya jaribio la kubadilishana. Chukua kebo inayofanya kazi kwenye monita ya kwanza, bila kuichomoa upande wa kompyuta, uichomeke kwenye monita inayosumbua. Ikiwaka, monita ni nzima, na kasoro iko kwenye kebo yake ya awali au tundu lake. Chukua sasa ile kebo ya awali uichomeke kwenye tundu lililothibitika kuwa zima. Picha ikija, tundu la kwanza ndilo bovu. Isipokuja, kebo ndiyo mbovu. Kwa majaribio mawili ya dakika tano umepata jibu ambalo mipangilio yote ya Windows isingekupa.

Adapta zinahitaji tahadhari ya pekee. Zile ndogo za bei nafuu zinazotoka DisplayPort kwenda HDMI hufanya kazi upande mmoja tu: kompyuta iwe upande wa DisplayPort na monita upande wa HDMI. Ukiigeuza, hutapata kitu, na adapta haijaharibika. Vivyo hivyo, si kila tundu la USB-C linatoa picha. Mengi ni ya data na chaji pekee, na umbo lake halikuambii lolote. Kumbuka pia kwamba kadi ina kikomo cha monita zinazoweza kuwaka kwa wakati mmoja, mara nyingi nne, na nyingine chini ya hapo, hata kama matundu ni mengi kuliko idadi hiyo. Kikomo hicho huandikwa kwenye maelezo ya mtengenezaji wa kadi.

Hatua ya tatu: mwambie Windows monita ziko wapi

Monita zikishapata picha, au angalau moja ikiwaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P. Utapewa chaguo nne: skrini ya kwanza pekee, kurudufu picha ileile kwenye zote, kupanua eneo la kazi, au skrini ya pili pekee. Watu wengi wanaodhani monita ya pili imekufa huwa wamebaki kwenye chaguo la kwanza bila kujua. Chagua "Extend".

Kisha bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini, fungua "Display settings", na ubonyeze "Identify". Namba kubwa itatokea kwenye kila monita. Buruta vile visanduku vya namba mpaka vifanane na jinsi monita zilivyokaa mezani kwako, kwa kimo pia, kwa sababu kishale cha kipanya hupita tu pale kingo za visanduku zinapogusana. Kama kipanya kinakwama ukingoni au kinatokea upande usioutarajia, hapa ndipo pa kurekebisha, na huhitaji kununua chochote.

Dirisha likipotelea kwenye monita isiyokuwepo, bofya ikoni yake kwenye upau wa chini, halafu bonyeza Windows, Shift na mshale wa kushoto au wa kulia. Litahamia skrini nyingine. Lisipotii, bonyeza Alt na kitufe cha nafasi, kisha herufi M, gusa mshale mmoja wa kibodi, ndipo usogeze kipanya: dirisha litakifuata.

Kama Windows inaiorodhesha monita lakini yenyewe ni nyeusi, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Skrini zitazimika kwa kitambo na mlio mfupi husikika. Huko ni kuanzisha upya draiva ya grafiki, yaani programu inayoiendesha kadi, bila kufunga kazi zako.

Hatua ya nne: ukubwa wa picha na kasi yake

Kila monita ina rezolusheni yake ya asili, yaani idadi ya nukta zilizojengwa ndani ya kioo, na maandishi yakionekana kama yamepakwa ukungu, mara nyingi ni kwamba umechagua nyingine. Chagua ile yenye neno "Recommended", na kama maandishi ni madogo mno, usipunguze rezolusheni bali ongeza "Scale" hadi asilimia 125 au 150.

Kasi ya kuonyesha picha upya hupimwa kwa hezi na hupatikana kwenye "Advanced display". Hapa kebo na tundu ndivyo vinavyoamua. HDMI 1.4 hupeleka picha ya 4K (nukta 3840 kwa 2160) kwa hezi 30 pekee, ilhali HDMI 2.0 na DisplayPort 1.2 hufikia hezi 60. Ukiona kipanya kinaburuzika kama kinapita kwenye tope katika monita kubwa mpya, tazama namba hiyo kwanza. Na monita inayozimika sekunde moja na kurudi, hasa kwenye hezi 144, ishushe hadi 60 kwa muda. Tatizo likikoma, shaka kubwa iende kwa kebo, ambayo haimudu wingi wa data, na hasa kama ni ndefu. Kwa 4K ya hezi 60, kebo ya HDMI ya kawaida inayozidi mita tano mara nyingi huleta usumbufu, hivyo nunua fupi kadiri meza inavyoruhusu.

Ukibadilisha kipimo na skrini ikawa nyeusi, usiguse chochote kwa sekunde 15. Windows itarudisha mpangilio wa zamani yenyewe usipothibitisha. Ikiwa ujumbe wa "Out of Range" umeganda na huoni kitu kabisa, chomeka monita nyingine yenye uwezo mkubwa zaidi na urekebishe kutoka huko, au iwashe kompyuta katika hali salama ("Safe Mode"), ambayo hutumia vipimo vya chini.

Rangi zikionekana zimefifia, na weusi ukawa kijivu, kwenye HDMI tu, ingia kwenye programu ya kadi ya grafiki utafute upana wa rangi. Huenda kadi inatuma viwango vya 16 hadi 235, kama inavyofanyika kwa televisheni, wakati monita inatarajia 0 hadi 255. Na kama unatumia televisheni kama monita ya tatu na kingo za picha zimekatwa, dawa iko kwenye menyu ya televisheni, penye kipengele cha kuonyesha picha bila kuikuza.

Jambo moja ambalo wengi hawaliamini mpaka walione: kiti cha ofisini chenye bomba la gesi kinaweza kuzima monita kwa sekunde moja. Mtu anaponyanyuka, umeme tuli hujitoa kitini, na msukosuko wake huingia kwenye kebo ya picha. Kama monita yako hufumba kila unaposimama, weka kebo yenye kinga bora na uisogeze mbali na kiti.

Hatua ya tano: kulala, kuamka na draiva

Monita ya DisplayPort ikizimwa au ikilala, kompyuta huweza kuiona kama imechomolewa. Madirisha yote hurundikana kwenye monita iliyobaki, na sauti iliyokuwa ikipitia huko hukatika. Katika Windows 11, chini ya "Multiple displays", kuna kipengele cha kukumbuka mahali pa madirisha kulingana na monita zilizounganishwa, kiwashe.

Monita ikikataa kuamka, ichomoe kwenye umeme kwa dakika moja hivi, maana kuizima kwa kitufe hakuondoi umeme wote ndani yake. Kwa upande wa kompyuta, chagua "Restart" badala ya "Shut down". Kompyuta nyingi za Windows zimewekewa uwashaji wa haraka, na ukizizima huhifadhi hali ya kiini cha mfumo kisha kuirudisha ilivyo, pamoja na hitilafu yake. Kuwasha upya ndiko kunakosafisha.

Kuhusu draiva, fungua "Device Manager" na utazame chini ya "Display adapters". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", draiva halisi ya kadi haijawekwa, na kwa kawaida utapata skrini moja tu na rezolusheni chache. Pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kadi. Kama matatizo yameanza baada ya sasisho, bofya jina la kadi mara mbili, nenda "Driver", utumie "Roll Back Driver". Na ujue kwamba draiva ya grafiki huja na draiva ya sauti ya HDMI ndani yake, kwa hiyo kuisasisha kunaweza kurudisha vifaa vya sauti ulivyokwisha kuvizima.

Hatua ya sita: sauti

Mwenzangu mmoja kazini aliniita siku alipofungiwa monita ya pili. Alikuwa amekwisha kubadilisha spika na kuwasha upya kompyuta mara tatu. Nilimwomba apige wimbo, kisha nikabonyeza Windows na R, nikaandika mmsys.cpl, na dirisha dogo lenye orodha ya vifaa vya sauti likafunguka. Kando ya jina la monita mpya, vijipau vya kijani vilikuwa vinapanda na kushuka kwa mdundo wa wimbo. Kando ya spika, vilikuwa vimelala. Wimbo ulikuwa unaimbwa vizuri, ndani ya monita isiyo na spika.

Vijipau hivyo ndivyo kipimo ninachokiamini kuliko vyote, kwa sababu vinagawanya tatizo mara moja. Vikicheza kwenye kifaa usichokitaka, sauti imepotea njia: bofya kifaa sahihi kwa kitufe cha kulia na uchague "Set as Default Device". Vikicheza kwenye kifaa sahihi na husikii kitu, Windows imemaliza kazi yake, na kasoro iko mbele: kitufe cha sauti cha spika, umeme wake, au tundu ulilochomeka. Visipocheza popote, rudi nyuma kwenye programu inayotoa sauti, ambayo huenda imenyamazishwa au imechaguliwa kifaa chake peke yake katika "Volume mixer". Kama hakuna programu yoyote inayotoa sauti, fungua services.msc kwa njia ileile ya Windows na R, na uanzishe upya huduma ya "Windows Audio".

Kuzuia sauti isihame tena, zima kwenye dirisha hilohilo kila monita usiyoihitaji kwa sauti, ukitumia "Disable". Hilo haliathiri picha hata kidogo. Kwa anayebadilisha mara kwa mara kati ya hedifoni na spika, Windows 11 za karibuni zina njia ya mkato ya Windows, Ctrl na V.

Matundu ya sauti nyuma ya ubao mama, yanapokuwa na rangi, hufuata desturi: kijani ni kutoa sauti, waridi ni maikrofoni, buluu ni kuingiza sauti kutoka kifaa kingine. Kama kijani cha nyuma kinafanya kazi na tundu la mbele halifanyi, huenda waya wa mbele haujachomekwa kwenye ubao ndani ya kasha.

Kama muziki unashuka ghafla unapopigiwa simu kupitia kompyuta, si hitilafu. Windows imepangiwa kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 inapogundua mazungumzo. Kwenye dirisha lilelile la mmsys.cpl, nenda kichupo cha "Communications" uchague isifanye lolote.

Unapotaka monita yenyewe ndiyo itoe sauti, hakikisha kebo haipiti kwenye VGA, na upandishe sauti kwa vitufe vya monita. Kwenye macOS vitufe vya sauti vya kibodi mara nyingi havifanyi kazi kwa monita ya HDMI, hivyo usidhani kibodi imekufa. Kwenye Linux, fungua pavucontrol, programu ya kudhibiti sauti, nenda kichupo cha "Configuration", ujaribu moja moja zile njia za HDMI zenye namba, kwa kuwa kadi moja huwa na kadhaa na mfumo hauchagui daima ile yenye monita yako.

Mikwaruzo ni jambo tofauti na ukimya. Kwenye dirisha la mmsys.cpl, bofya kifaa mara mbili na ujaribu kukiweka kwenye hezi 48000 chini ya "Advanced". Kama ni hedifoni zisizo na waya zinazotumia kipokezi kidogo cha USB cha gigahezi 2.4, kihamishe mbali na matundu ya USB 3.0 kwa kutumia kebo fupi ya kurefusha, kwa sababu mawasiliano ya USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa hayohayo.

Mvumo mzito unaoendelea hata muziki ukisimama, na ambao ulianza ulipoongeza monita, mara nyingi hutokana na vifaa kupata umeme kutoka soketi tofauti zenye waya tofauti za ardhi ("earth"). Chomoa kebo ya picha ya monita hiyo. Mvumo ukikoma, umeipata njia yake. Chomeka kompyuta, monita na spika zote kwenye ekstensheni moja. Kamwe usikate wala kuondoa pini ya ardhi ya plagi ili kuondoa mvumo; pini hiyo inalinda uhai wako.

Hatua ya saba: kutenga vifaa na programu

Kama umefika hapa bila nafuu, iwashe kompyuta na uingie kwenye BIOS. Mistari, rangi za ajabu au kukatika kwa picha kukionekana hata huko, Windows haihusiki, na kilichobaki ni kebo, monita au kadi. Kwa sauti, washa kompyuta kwa Linux iliyowekwa kwenye fleshi ya USB bila kuisakinisha: sauti ikisikika huko, vifaa ni vizima na kazi yako iko kwenye draiva za Windows. Isiposikika huko pia, jaribu spika zilezile kwenye simu, na monita ileile kwenye kompyuta nyingine. Ukilazimika kwenda kwa fundi, mwonyeshe picha uliyopiga mwanzoni na umweleze ni kebo ipi ulijaribu kwenye tundu lipi.